Nyota isiyotamkwa: makarani wa Sumeri na Akadi walivyoandika majina ya miungu yao (uzi)

#1 Kibao cha Udongo

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa Anunnaki, miungu ya kale ambayo wengine humu wanadai ilishuka na roketi, nilisema neno *dingir*, yaani "mungu" kwa Kisumeri, halina roketi ndani yake, nikashambuliwa kama mwizi wa kuku. Nikaahidi kuleta uzi wake wenyewe. Ndio huu. Mimi si profesa, ni mtu tu niliyezoea kukesha natazama picha za vibao kwenye tovuti ya CDLI bando la usiku likiwa rahisi. Ila kwa jambo hili nimesoma vya kutosha kujua wapi watu wanalishwa matango pori.

Tuanze na alama yenyewe. Huko Uruk, mji wa Wasumeri kusini mwa Iraki ya leo, karibu mwaka 3200 KK, makarani wa hekalu walikuwa wakiandika hesabu za shayiri, kondoo na pombe kwenye udongo mbichi. Kati ya alama zao kulikuwa na nyota: mistari minne inayokatana katikati, ncha nane. Alama hiyo moja ilibeba kazi tatu. Ukiisoma *an* ni mbingu. Ukiisoma An ni mungu wa mbingu, baba wa wengine. Ukiisoma *dingir* ni mungu yeyote yule. Waakadi, majirani zao, walipoichukua wakaongeza usomaji wa kwao, *ilu*, na pia wakaitumia kama silabi tupu ya "an" ndani ya maneno yasiyohusiana na mungu wala mbingu.

Sasa utamu wenyewe. Nyota ikikaa mbele ya jina la mungu, haisomwi kabisa. Iko pale kwa ajili ya jicho. Inamwambia msomaji: jiandae, linalofuata ni jina la mungu. Simu nyingi hazina alama halisi, kwa hiyo humu nitatumia ★. Mungu mkuu wa Nippur aliandikwa ★EN.LIL, ukasoma "Enlil", basi.

Anayeona ni jambo la ajabu aandike "mungu" kisha aandike "Mungu", halafu amsomee jirani kwa sauti. Jirani hatasikia tofauti. Ile M kubwa ni nyota yetu.

#2 binti_Tanga

Nimekaa mkao wa kula. Swali la haraka kaka: kwa nini walihitaji hiyo alama? Si wangeandika jina tu?

#3 Kibao cha Udongo

Dada, kwa sababu majina mengi ya miungu yao ni maneno ya kawaida. UTU ni mungu wa jua, na alama yake ni ileile ya jua, mchana, siku, hata "nyeupe". Karani akikuta alama hiyo katikati ya mstari atajuaje kama ni "siku ya tatu" au ni mungu? Nyota inamaliza ubishi. Ishkur, mungu wa mvua na radi, aliandikwa kwa alama ya upepo. Bila nyota ni upepo tu unavuma.

Maandishi yao hayakuwa na nafasi kati ya neno na neno, wala nukta. Kwa hiyo walikuwa na familia nzima ya alama za namna hii zisizotamkwa: alama ya mti mbele ya vitu vya mbao, alama ya *ki* (ardhi) nyuma ya majina ya miji, mchomo mmoja wa kalamu, wa kusimama, mbele ya jina la mwanamume.

Angalia hii. Mji wa Nippur, makao ya Enlil, uliandikwa EN.LIL.KI. Mungu mwenyewe ni ★EN.LIL. Alama mbili za katikati ni zilezile. Nyota mbele, ni mungu. Ardhi nyuma, ni mji, na hapo husomi tena Enlil, unasoma Nibru. Mara ya kwanza kuliona hilo nilifunga simu nikatoka nje kuvuta hewa.

#4 Mwalimu wa Zamu

Kwa hiyo ni kama ngeli zetu! M-MI ya miti, KI-VI ya vitu, na wao wana ngeli ya miungu.

#5 Kibao cha Udongo

Mwalimu umekaribia sana, ila kuna shimo. Ngeli zetu zinatamkwa na zinavuta sentensi nzima: kiti kile kizuri kimevunjika. Alama zao ziliishia kwenye udongo, hakuna aliyezisikia. Ni ngeli za macho, tuseme.

Na hazikuwa sheria ya kufa na kupona. Kwenye maandishi ya zamani zaidi nyota mara ipo mara haipo. An mwenyewe kwa kawaida hakuwekewa, maana jina lake ndiyo nyota; ukimwekea unapata ★★, na hiyo ilikuwa namna mojawapo ya kuandika "miungu". Zikiwa tatu pamoja zinakuwa alama nyingine, *mul*, yaani nyota ya angani. Yaani kuandika "nyota" ilikubidi uchore nyota tatu, kwa kuwa ile moja ilishachukuliwa na miungu.

#6 MzukaWaUsiku

Mkuu unazunguka. DIN ni "mwenye haki" au "safi", GIR ni "chombo chenye moto mkiani". Jumla DINGIR, watu wa roketi. Waliandika nyota kwa sababu walitoka kwenye nyota. Fungua akili.

#7 Kibao cha Udongo

Karibu sana Mzuka, nilikuwa nakusubiri.

Tatizo la hesabu yako ni kwamba hakuna karani aliyeandika DIN kisha GIR akimaanisha mungu. Aliandika alama moja, nyota. "Dingir" kwa herufi ni jinsi sisi tunavyoandika matamshi yake. Na matamshi hayo hatukuyabuni: shule zao zilikuwa na orodha za maneno, safu moja inakupa sauti kwa silabi, inayofuata alama, inayofuata maana yake kwa Kiakadi. Kwenye lahaja ya Emesal, ile iliyotumika kwenye maombolezo ya hekaluni, neno hilohilo ni *dimmer*. Hapo GIR yako imeyeyuka, roketi itaruka vipi?

Ni sawa na mtu kuchukua neno "embe" akakwambia ni "em" na "be", kisha akatafuta maana ya kila kipande.

Anunnaki nao wameandikwa A.NUN.NA, mara nyingi nyota ikiwa mbele. *Nun* ni mkuu, mtukufu. Ni uzao wa kitukufu, wana wa mkubwa. Habari ya "walioshuka toka mbinguni" haimo kwenye alama hizo.

#8 Njaa Haina Baunsa

Bei ya unga imepanda, nyie mnajadili miungu ya watu waliokufa miaka elfu nne iliyopita. Hii nchi.

#9 binti_Tanga

Uzi wa unga uko kule juu, shem. Tuache.

Kaka endelea. Umesema Sumeri na Akadi. Ni lugha mbili tofauti au ni kama Kimvita na Kiunguja?

#10 Kibao cha Udongo

Tofauti kabisa dada. Kisumeri hakina ndugu anayejulikana duniani. Kiakadi ni binamu wa Kiarabu na Kiebrania. Waakadi walikuta maandishi yameshatengenezwa, wakayavaa kama mtu avaavyo koti la kaka yake.

Ndiyo maana alama moja ikawa na majina mawili. Karani wa Babeli anaandika ★UTU kwa alama ya Kisumeri, lakini mdomoni anasema Shamash. Anaandika ★INANNA, anasoma Ishtar. Anaandika ★EN.KI, anasoma Ea. Msishangae, na sisi tunafanya hivyo kila siku: ukiona "7" unasema saba, Mwarabu anasema sabaa, Mwingereza lake, na tarakimu ni ileile.

Utauliza tunajuaje basi kama walisoma Utu au Shamash? Mara nyingine karani alitupa mkia. Mfalme Shamshi-Adad jina lake linaanza na ★UTU, kisha imebandikwa silabi *shi*. Utu haiishii na shi. Shamshi inaishia. Basi mchezo umekwisha, ni Kiakadi.

Na mara nyingine waliachana na Kisumeri wakaandika kwa silabi, kama ★E-A kwa Ea.

#11 Padri Mtarajiwa

Shalom. Nimefuatilia kimya kimya. Kwenye Biblia tuna Merodaki, Nebo, Beli, Tamuzi, Nergali. Hao ndio hawahawa?

#12 Kibao cha Udongo

Ndio hao hao.

Merodaki ni Marduk wa Babeli, ★AMAR.UTU. Ukizisoma alama kwa Kisumeri ni "ndama wa jua". Nebo ni Nabu, mungu wa makarani wenyewe, mara nyingi ★AG au ★PA, alama moja fupi tu. Wenyewe tunajua mtu akijiandikia jambo lake huwa hapotezi wino. Tamuzi, anayeliliwa na wanawake kwenye Ezekieli, ni DUMU.ZI, "mwana wa kweli". Beli ni cheo tu, "Bwana", na kwa Wababeli wa baadaye Bwana alikuwa Marduk.

Sasa chukua Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Nitakupa jina lake kama lilivyokaa kwenye udongo, kipande kwa kipande:

mchomo wa kusimama, ★, 30, PAP.MESH, SU

Mchomo: huyu ni mwanamume, usisome. Nyota: mungu anakuja, usisome. Thelathini: soma *Sin*. PAP.MESH: ndugu, wengi, soma *ahhe*. SU: ameleta badala, soma *eriba*. Sin-ahhe-eriba, "Sin ameleta badala ya ndugu". Jina la mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufariki. Hakuna hata alama moja hapo iliyokupa sauti moja kwa moja. Yote unatakiwa uyajue kabla hujafika.

#13 Mwalimu wa Zamu

Subiri subiri. Thelathini?!

#14 Kibao cha Udongo

Nilijua hapo utasimama.

Sin ni mungu wa mwezi, na mwezi una siku thelathini. Kwa hiyo namba yake ni 30, ukiweka ★30 umemtaja. Shamash ni 20. Ishtar 15. Ea 40. Enlil 50. Anu (ndiye yule An, kwa Kiakadi), mkubwa wa wote, ni 60, kwa sababu wao walihesabu kwa sitini kama sisi tunavyohesabu kwa kumi; sitini kwao ni mzunguko uliotimia, na inaandikwa kwa mchomo uleule wa moja. Dakika za saa yako ni urithi wa hesabu hizo.

Sikiliza na hii. Sargon wa Pili, baba yake Senakeribu, alipojenga mji wake mpya pale Khorsabad aliandika kwamba urefu wa ukuta wake ni dhiraa 16,280, na kwamba hiyo ni hesabu ya jina lake. Wataalamu hadi leo wanakuna vichwa hesabu hiyo ilifanyikaje.

#15 Padri Mtarajiwa

Je, waliandika namba kwa sababu waliogopa kutaja jina? Kama Wayahudi na lile jina la Mungu la herufi nne, YHWH.

#16 Kibao cha Udongo

Swali zuri mtumishi. Kwa ninavyosoma mimi, hapana. Majina ya miungu yalijaa kila mahali: kwenye matofali, kwenye risiti za kondoo, kwenye majina ya watoto. Mtu angeitwa "Nabu mlinde mrithi wangu" (huyo ni Nebukadreza) na akaitwa hivyo sokoni bila mtu kushtuka. Namba ilikuwa njia ya mkato, na pia maringo ya wasomi. Karani aliyesota shuleni miaka mingi alitaka ionekane.

Maringo yao yana kisa kikubwa. Kuna vibao kutoka Fara na Abu Salabikh, karibu mwaka 2600 KK. Vya Abu Salabikh vilichimbwa miaka ya 1960. Baadhi yake vilisomeka upuuzi mtupu. Alama zinajulikana zote, lakini zikiungana hazina maana: UD.GAL.NUN, UD.GAL.NUN, inarudi kila mahali. Baadaye ikagundulika kwamba makarani walibadilishana alama. UD imekaa mahali pa nyota. GAL imekaa mahali pa EN. NUN imekaa mahali pa LIL. Rudisha kila moja kwake upate ★EN.LIL. Ni Enlil amevaa baibui.

Kwa nini walifanya hivyo, kila mtu ana lake. Mimi nawaza tu wale vijana wa shule waliokuwa wakiandikiana kwa kugeuza silabi ili mwalimu asielewe.

#17 Mwalimu wa Zamu

Mwalimu huwa anaelewa. Ananyamaza tu.

#18 Fundi Bakari

Mimi ni mtu wa vyungu na matofali, hayo ya lugha nawaachia. Nataka kujua waliandikaje kwa mkono. Udongo gani, kalamu gani.

#19 Kibao cha Udongo

Fundi, hili nimelijaribu kwa mikono yangu. Nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikauponda, nikatoa mawe, nikaufinyanga bonge la kutosha kiganja. Wao walitumia tete lililokatwa. Mimi nilitumia kijiti cha aiskrimu nilichokikata mraba. Siri ni kwamba huburuzi. Ukiburuza, udongo unajikunja ukingoni kama siagi na mstari unakuwa mchafu. Unabonyeza kona ya kijiti, unainua. Inabaki alama yenye kichwa kipana na mkia mwembamba, kabari. Ndiyo maana yakaitwa maandishi ya kikabari.

Nyota ya ncha nane kwa mtindo huo inachosha. Nilipochora ya ishirini mkono ulishaanza kudanganya, naruka ncha, naunganisha. Na wao waliruka. Kizazi baada ya kizazi ncha zikapungua, hadi kwa Waashuru wa mwisho alama imebaki na michomo michache tu, mmoja umesimama juu ya iliyolala. Ukimwonyesha mtu asiyejua hawezi kukwambia hiyo ni nyota. Lakini kazi yake ni ileile, miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano baadaye.

Udongo ukiwa mkavu mno haupokei, ukiwa mbichi mno unashika kijiti. Nadhani hilo unalijua kuliko mimi.

#20 Fundi Bakari

Nalijua. Ukibonyeza usikie unakubali bila kulia. Umeeleza vizuri.

#21 binti_Tanga

Kuna mungu wa kike aliyeandikwa kwa namna ya pekee? Mpaka sasa naona madume tu na namba zao.

#22 Kibao cha Udongo

Dada, Inanna anawashinda wote kwa uzuri. Alama yake ya kwanza kule Uruk ni nguzo ya matete yaliyofungwa pamoja, juu limekunjwa pete, na kitambaa kinaning'inia nyuma. Ni nguzo ya mlangoni. Kwenye lile gudulia kubwa la jiwe la Uruk ziko mbili zimesimama, mwanamke mbele yake anapokea sadaka. Kwa hiyo jina lake halikuandikwa kwa sauti wala maana. Waliweka mlango wake.

Na Nisaba, mungu wa kike wa nafaka, aliyekuja kuwa mlinzi wa uandishi kabla Nabu hajachukua kiti. Hesabu ya nafaka ndiyo iliyozaa uandishi, kwa hiyo mama mwenye nafaka ndiye mwenye kalamu. Wanafunzi walimaliza kazi zao kwa "Nisaba asifiwe".

Nirudi kidogo kwa Sin, nilisahau. Kabla ya namba 30 jina lake liliandikwa ★EN.ZU. Ukisoma moja kwa moja unapata "Enzu" na umekosea. Linasomwa kinyume: Zu-en, Suen, ndipo likafupika kuwa Sin. Usicheke. Ukiona "5%" umeandika tano kwanza, lakini Kiswahili chako kinasema "asilimia tano".

#23 MzukaWaUsiku

Sawa, nimekubali ya DIN na GIR. Lakini wafalme mbona walijiita miungu? Hapo kuna kitu mnaficha.

#24 Kibao cha Udongo

Hatufichi Mzuka, na hapa ndipo nyota inakuwa siasa.

Naram-Sin wa Akadi, mjukuu wa Sargon mwanzilishi wa dola ya Akadi (si yule baba yake Senakeribu), karne ya 23 KK. Mwanzoni jina lake lina nyota moja, nayo iko katikati, mbele ya EN.ZU. Hiyo ni ya mungu wa mwezi, si yake. Baadaye inatokea nyota ya pili mwanzoni kabisa mwa jina. Hiyo sasa ni yake yeye. Michomo michache kwenye udongo na mtu amehama ngazi.

Ushahidi uko kwenye sanamu ya shaba ya Bassetki, iliyookotwa na wajenzi wa barabara kaskazini mwa Iraki. Imeandikwa kwamba alishinda vita tisa kwa mwaka mmoja, na watu wa mji wake wakawaomba miungu wakubwa, Ishtar, Enlil, Enki, Sin, Shamash na wengine, awe mungu wa mji wao, wakamjengea hekalu. Sanamu hiyo iliibwa kwenye jumba la makumbusho la Baghdad mwaka 2003, ikapatikana mwaka huohuo imefichwa kwenye shimo la maji machafu.

Baadaye kule Uru, ile Uru ya Ibrahimu kwa wasomaji wa Biblia, Ur-Nammu anaandikwa UR.★NAMMU. Nyota ni ya Nammu, mungu wa kike. Mfalme ni mtu wake tu. Mwanawe Shulgi ni ★SHUL.GI. Nyota imehamia mbele. Ukitaka kujua mfalme alijionaje, usisome sifa zake, tafuta nyota imekaa wapi.

#25 Padri Mtarajiwa

Na Gilgamesh? Alikuwa mtu au mungu?

#26 Kibao cha Udongo

Theluthi mbili mungu, theluthi moja mtu, ndivyo utenzi wake unavyosema. Nyota anayo.

Na jina lake ndilo linalonifanya niwasamehe wote wanaosoma vibaya. Mwaka 1872 George Smith wa jumba la makumbusho la Uingereza alisoma kibao cha gharika, dunia ikatetemeka. Lakini shujaa mwenyewe jina lilimshinda. Liliandikwa ★GISH.GIN.MASH, na alama hizo zina usomaji zaidi ya mmoja, akachagua "Izdubar". Watu wakaandika vitabu kuhusu Izdubar, wakahubiri kuhusu Izdubar. Ilifika mwaka 1890 ndipo Theophilus Pinches akakuta orodha ya kale iliyompa matamshi: Gilgamesh. Karibu miaka ishirini Ulaya nzima ilikuwa inamwita mtu kwa jina ambalo hakuwahi kuwa nalo.

#27 Njaa Haina Baunsa

Nimesoma wote toka juu, nimesahau unga. Nami niandikie jina langu kwa hayo makabari, uniwekee na nyota mbele.

#28 Kibao cha Udongo

Mchomo wa kusimama nitakuwekea, maana wewe ni mwanamume. Nyota ngoja kwanza wana wa mtaani kwako wakujengee hekalu.

#29 Njaa Haina Baunsa

Hata kibanda?

#30 Fundi Bakari

Matofali ninayo.